Mwanya wa Namalwa

Jumatatu, 10 Machi

Leo mzee Ephantus amenitoa barabarani. Miaka sita nimesimama mbele ya butchery yake hapa Kikopey na koti langu jekundu, nikipungia magari yaingie kwetu yasiende kwa jirani. Butchery zimepangana mlango kwa mlango, nyama ni ile ile, moshi ni ule ule, kwa hiyo dereva huingia kwa yule aliyemchekea vizuri. Hiyo ndiyo kazi. Na mimi nimeifanya miaka yote hiyo nikicheka nusu, midomo ikiwa imefunika meno.

Meno yangu ni rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Maji ya visima vyetu yana madini yanayoingia kwenye meno ya mtoto yakiwa bado ndani ya ufizi, na yakishaota yanatoka na rangi hiyo, hata uyasugue kwa mchanga. Dada yangu mkubwa alikulia Olenguruone kwenye maji ya mto. Tulipohamia huku alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi miwili. Yake ni meupe pe. Kwa hiyo wivu wa meno sikuuanzia kazini, nilitoka nao nyumbani.

Aliyechukua nafasi yangu anaitwa Namalwa, miaka ishirini na mitatu, ametoka Bungoma na begi moja. Mzee alimwambia acheke, akacheka, mambo yakaishia hapo.

"Chepkemboi, wewe utashika jikoni, kachumbari na ugali," mzee akaniambia. "Usikasirike. Ni vile tu watu wanapenda smile."

Nikamwambia sina neno. Nilikata vitunguu mpaka jioni, na aliyetaka kujua kwa nini ninalia alikuwa na jibu mbele yake.

Kibaya zaidi, chumba cha wafanyakazi ni kimoja. Analala kitanda cha pili.

Jumanne, 11 Machi

Magari kumi na tisa kabla ya saa sita. Nimehesabu nikiwa jikoni. Siku yangu nzuri kabisa yalikuwa kumi na mawili.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imeanza. Milima ya Mau imefunikwa na mawingu tangu asubuhi na barabara inateleza, lakini magari yanaingia tu. Kimeli, anayechoma nyama, ndiye niliyekuwa nikimpelekea chai saa nne kila siku tangu nimjue. Leo nimefika na kikombe nikakuta anacho kingine tayari, cha Namalwa. Nilikunywa ile chai mwenyewe, nimesimama kwenye matone.

Nimegundua kitu kimoja. Namalwa akipiga mswaki anatema damu, nyingi ya kufanya povu liwe la waridi. Nilimuuliza akasema ni ya tangu akiwa shule, na mama yake pia alikuwa hivyo. Amepata tarehe ya kuonwa na daktari wa meno Nakuru mjini, tarehe kumi na tano mwezi ujao.

Nilifurahi. Halafu nikaona haya, halafu nikafurahi tena.

Jumapili, 23 Machi

Naandika hili kwa sababu nimeahidi kwamba humu sitajidanganya.

Vijana wa Nairobi walikula mbavu meza ya nne, wakaondoka wakasahau vepu, ile sigara ya umeme ya kuvuta mvuke. Ndogo, ya zambarau, inanuka embe na mnanaa. Vitu vilivyosahaulika huwa vinakaa kwenye droo ya kaunta mpaka mwenyewe arudi. Hii sikuiweka kwenye droo.

Baba yangu alivuta sigara miaka thelathini. Juu ya ile rangi ya maji yetu aliongeza ya moshi, meno yakawa meusi kabisa. Basi nikawaza, moshi ni moshi. Huyu msichana akivuta kitu hiki miezi miwili mitatu, tutakuwa sawa. Sikutaka augue. Nilitaka tu yawe kahawia.

Nikaifuta kwa spiriti nikampelekea chumbani. "Shika, wewe ni msichana wa mbele. Wasichana wa mbele wa siku hizi wanavuta hizi."

"Si ni mbaya, siz?"

"Ni mvuke na peremende tu. Ingekuwa mbaya wangeuza supermarket?"

Akavuta, akakohoa, akacheka. Hakuna aliyewahi kumpa zawadi tangu aje Kikopey, alisema hivyo, na akanikumbatia.

Jumatano, 26 Machi

Nimeangalia. Meupe.

Jumatano, 2 Aprili

Meupe. Anavuta akiamka, akimaliza chai, akiwa anangoja gari. Ile ya zambarau iliisha, akanunua nyingine Gilgil.

Jumatano, 9 Aprili

Meupe! Na kuna jambo limeniuma zaidi. Asubuhi alikuja mbio kutoka kwenye sinki nje, mdomo umejaa povu, ananionyesha.

"Siz, ona! Hakuna damu. Wiki nzima sijaona damu!"

Nikatazama. Povu jeupe, fizi zimetulia, zimepauka kidogo, hakuna hata tone.

"Ni hii kitu ulinipea," akasema. "Imenitibu. Wallahi imenitibu."

Wallahi ya Mkristo, Mluhya wa kanisa la Friends. Angekuwa mtu mwingine ningecheka. Nimempa kitu cha kumharibu kimegeuka dawa. Kuna watu ukiwarushia mawe wanajengea nyumba, na Mungu amenipangia mmoja wao chumba kimoja nami.

Jumatatu, 14 Aprili

Kesho ndiyo siku yake ya daktari. Jioni alikuwa ametoa kitambulisho mfukoni, nami nikawa nakunja nguo na kufikiria. Daktari atamwambia aache vepu. Atamwambia kabla rangi haijashika.

"Unaenda kufanya nini?" nikamwuliza. "Si damu iliacha?"

"Iliacha."

"Sasa utampotezea daktari siku kumwonyesha mdomo mzima? Na hii ni wiki ya Pasaka, mzee atalia."

Akakaa kitandani akafikiria. "Ni ukweli. Hata sina maumivu."

Akarudisha kitambulisho mfukoni. Ilikuwa rahisi hivyo.

Jumatatu, 21 Aprili

Wiki nzima sikuandika. Pasaka Kikopey haiachi mtu na vidole vya kuandika. Jana magari yalipanga foleni mpaka kwenye matope ya ng'ambo, nikasonga ugali sufuria kumi na nne, na kila nilipotoa kichwa dirishani niliona koti langu jekundu likiruka ruka mvuani na mtu mwingine ndani yake.

Leo mchana mzee alileta mtu wa kamera. Butchery inapata bango jipya, kubwa, la kuonekana kutoka kilomita moja, na juu ya bango kutakuwa na uso wa Namalwa akishika sahani ya mbavu. Mwaka jana mimi ndiye niliyemwambia mzee tunahitaji bango. Mimi. Nilimchorea hata kwenye karatasi ya kufungia nyama.

Nilibeba ile sahani kutoka jikoni. Mbavu nilizipanga mimi, nikapaka mafuta ziwake. Kimeli alishika mwavuli juu ya kichwa cha Namalwa. Mtu wa kamera akasema, "Msupa, cheka kabisa, onyesha zote." Akaonyesha meno yote. Wapita njia walisimama, na mama mmoja aliyekuwa ananunua njugu akasema kwa sauti, "Huyo hajanyonya maji ya hapa." Watu wakacheka. Nami nikacheka, nusu.

Naona wivu. Naliandika neno hilo zima zima ili nione linavyokaa. Naona wivu nikiamka nikisikia akipiga mswaki, naona wivu nikila, na nikisali nasali nao kando yangu. Yeye hajanifanyia ubaya wowote. Jana usingizi uliponikamata kwenye kiti alinivua viatu vyenye matope akaviosha. Hilo nalo limenikera.

Jumatano, 30 Aprili

Meupe. Ni kama yanazidi kuwa marefu. Ukiyatazama ya juu mbele, yameshuka kidogo, ni marefu na membamba. Mimi yangu yamekaa mafupi na mapana. Hata meno yanampendelea.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Bango limepandishwa. Sikutoka kulitazama.

Jumamosi, 17 Mei

Nitaandika hili nikiwa nimetulia. Sijatulia.

Namalwa ameota mwanya.

Ndiyo, mwanya. Mwezi wa tatu hakuwa nao, naapa, maana ninayajua meno yale kuliko anavyoyajua mwenyewe. Mbele yalikuwa yamebanana. Sasa kati ya mawili ya juu pana nafasi ya kupitisha kijiti cha kiberiti. Wengine tunazaliwa bila, tunakufa bila, na bibi yangu alikuwa akisema mwanamke mwenye mwanya hata akitukana ni vizuri. Huyu ameupata akiwa mtu mzima, bure, katikati ya msimu wa mvua.

Kila mtu ameuona. Kimeli alisimamisha kisu hewani.

"Wewe msichana, hiyo umetoa wapi?"

"Imekuja tu," akasema, akafunika mdomo kwa mkono, kwa maringo.

"Usifunike. Hiyo ni urembo. Mzee! Kuja uone, bango imepitwa na wakati!"

Mzee Ephantus akaja akatazama akasema ni baraka, huko kwao mwanya ulihesabiwa wakati wa kuposa. Mteja mmoja wa Nyahururu akaomba kupigwa picha naye. Mimi nilikuwa natwanga pilipili. Niliitwanga mpaka ikawa maji.

Chumbani aliniuliza, "Siz, unaonaje?"

Nikamwambia nimechoka. Aligeukia ukuta na kioo chake kidogo, akawa anaweka ncha ya ulimi pale kwenye mwanya na kuitoa, kuiweka na kuitoa. Nilimchukia, kwa muda kama wa dakika moja, kwa moyo wote.

Jumatano, 21 Mei

Mwanya umeongezeka.

Jumatano, 28 Mei

Anatafunia upande. Nyama anachagua laini, ile ya mchuzi. Nilimwona akimrudishia Kimeli ubavu aliomwekea, akasema ameshiba. Kimeli akaukabidhi kwangu. Miezi miwili iliyopita ningeuchukua nikaimba. Niliushika tu, namtazama Namalwa akipitisha kidole kwenye ufizi wa juu. Pumzi yake siku hizi ina harufu, embe juu, na chini ya embe kuna kitu kingine.

Bado meupe. Nimeanza kujiuliza kama nimekuwa nikitazama kitu kinachofaa kutazamwa.

Jumapili, 8 Juni

Wateja walikuwa watu wa harusi kutoka Naivasha, wakamlazimisha Namalwa aume ubavu mbele ya simu zao, eti kama kwenye bango. Akakataa, wakapiga makofi, mzee akamkonyeza. Akauma.

Nilisikia sauti yake nikiwa dirishani. Hakupiga kelele, alivuta pumzi tu kama mtu aliyemwagikiwa maji baridi. Aliacha nyama akakimbilia jikoni kwangu, si kwa Kimeli, si kwa mzee. Kwangu.

"Siz. Linacheza."

Alishika jino la mbele, la kushoto, kwa vidole viwili. Likaenda mbele. Likarudi nyuma. Jino jeupe, halina tundu, halina doa, linatikisika kama la mtoto wa miaka sita. Pembeni ya ufizi palitoka usaha kidogo.

Nilimkalisha kwenye gunia la viazi. Mikono yangu ilikuwa na vitunguu, sikujua nimshike wapi.

Jumanne, 10 Juni

Nimempeleka Nakuru mwenyewe. Mvua imetushika mpaka mlangoni kwa daktari.

Daktari ni mama wa makamo, Ogada, sauti ya chini. Alimlaza Namalwa, akapitisha kichuma chembamba cha kupimia kina cha ufizi kando ya kila jino, akiita namba na msaidizi akiandika. Tatu, tatu, mbili. Halafu alipofika mbele, nane. Tisa. Hata mimi nisiyejua chochote nilijua tisa si nzuri. Kisha picha ya taya ikaletwa kwenye kompyuta.

"Meno yako ni mazuri sana," akasema. "Hayana shida. Shida ni kinachoyashikilia. Unaona hapa? Huu ni mfupa. Na hapa palitakiwa kuwa na mfupa."

Namalwa akauliza, "Kwa hivyo mwanya?"

"Huo si mwanya, mama. Meno yamekosa pa kushika yakaanza kutawanyika. Na hayajarefuka, ni ufizi umepanda."

Akamwuliza kuhusu mama yake. Namalwa akasema mama alianza kupoteza ya mbele kabla ya miaka thelathini. Akamwuliza kama fizi zilikuwa zinatoa damu.

"Zilikuwa. Lakini ziliacha. Mwezi wa nne."

"Ziliacha zenyewe?"

"Nilianza kuvuta vepu. Ndiyo ilinitibu."

Daktari Ogada aliweka kile kichuma chini. Hakupandisha sauti. "Hapana. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu kwenye ufizi. Damu ilikuwa inakuambia kuna ugonjwa. Vepu imeinyamazisha hiyo damu, ugonjwa ukabaki ndani ukiendelea kula."

Nikauliza mimi, kwa sababu ilibidi. "Daktari, ni vepu imeleta huu ugonjwa?"

"Ugonjwa alikuwa nao, pengine ameurithi. Vepu kuhusu fizi bado inachunguzwa, siwezi kukuambia tunajua yote. Lakini tunaona inakausha mdomo, inavuruga vijidudu vya mdomoni, na fizi za anayevuta hazijiponyi vizuri. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu tayari, ni kuongeza mafuta kwa moto." Akafungua faili. "Hapa naona ulipewa tarehe kumi na tano Aprili. Haukuja?"

"Niliona nimepona," akasema Namalwa.

Hakunitazama. Hakutaja jina langu. Hajui hata kwamba pana jina la kutaja.

"Ungekuja wakati huo, hili la kushoto ningekuambia tupambane nalo. Sasa siwezi. Hayo mengine tutasafisha mpaka kwenye mizizi na tutayaokoa, lakini uache kuvuta leo. Sio kesho."

Nilikuwa nimetaka kumwona amekuwa kama mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Limeng'olewa. Hata ganzi haikuwa na kazi kubwa, daktari alilivuta kama anatoa pini kwenye mto. Namalwa alilileta nyumbani kwenye pamba. Jeupe mpaka mzizini.

Ijumaa, 13 Juni

Mzee amenirudisha barabarani, Namalwa yuko jikoni mpaka aweke jino la bandia. Mvua imenyesha mchana kutwa. Magari saba. Sikuwa na cheko, hata nusu.

Jumapili, 15 Juni

Leo nimemwambia.

Alikuwa ameketi kitandani, amefunga mdomo kwa leso kama anavyofanya tangu Alhamisi. Nilianza na droo ya kaunta ambayo sikuitumia. Nikamwambia nilimpa ile vepu ili meno yake yawe kahawia kama yangu. Nikamwambia kwamba kila Jumatano nilikuwa nayakagua. Nikamwambia kuhusu tarehe kumi na nne Aprili, kwamba sikujali Pasaka wala mzee, niliogopa tu daktari atamzuia mapema. Nilisema yote bila kupamba.

Mvua ilianza juu ya mabati, ikaisha.

"Kwani meno yangu yalikuwa yamekukosea nini?" akauliza.

Nilitafuta jibu, hata la uongo.

"Na ile siku nilikukumbatia?"

"Ile siku nilikuwa najua ninachofanya."

Akainuka, akaja akasimama mbele yangu. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari, niliinua uso kabisa ili asipate taabu. Hakunipiga.

"Fungua mdomo," akasema.

Nikafungua. Mimi ambaye sijafungua mdomo mbele ya mtu mchana tangu darasa la nne, nikaufungua kwenye mwanga wa dirisha, wote. Alitazama meno yangu moja baada ya jingine, rangi ile na madoa yale. Kisha akaweka kidole gumba kwenye jino langu la mbele, la kushoto, akalisukuma. Taratibu kwanza. Halafu kwa nguvu, mpaka kichwa changu kikaenda nyuma.

Jino halikutikisika.

Akalisukuma tena. Akajaribu la kulia. Akajaribu ya chini.

"Hata halisongi," akasema polepole. "Hata moja."

Leso ilikuwa imeanguka na pengo lake likaonekana, jekundu, bado bichi. Lakini mimi nilikuwa nikitazama macho yake. Yalikuwa yamekazia meno yangu ya kahawia, hayaachi, hayapepesi, kama mtu anayeyataka. Mtazamo huo ninaujua kuliko mtu yeyote Kikopey. Nilikaa nao miezi mitatu nikiuficha chini ya kope zangu, na sasa uko kwake, na ni mimi niliyempa.

Sikufunga mdomo. Nilimwacha atazame mpaka alipotosheka.